Pancit Malabon ikikuharibikia: shida ilianzia wapi na utaitibu vipi

Tambi zimekatika vipande, mchuzi umeshuka chini ya sahani, rangi imekuwa kama ya matope. Ukiona hayo usikimbilie kuongeza kitu sufuriani. Pancit Malabon, chakula cha Kifilipino cha tambi za mchele na vya baharini, ina tabia moja inayowasumbua wapishi wageni: kosa hufanyika mapema, likaonekana mwisho. Mchuzi unaouona umekuwa maji huenda hauna tatizo lolote. Maji yametoka kwenye tambi ambazo hukuzichuja vizuri nusu saa iliyopita. Kwa hiyo kila dalili nitakayoitaja hapa tutairudisha nyuma hadi pale ilipoanzia.

Mimi ni mtu wa Unguja, naishi Maskati. Chakula hiki nilifundishwa na mwenzangu wa kazi, mama wa Kifilipino mzaliwa wa Malabon, ambaye sote tulimwita Ate, yaani dada mkubwa kwa Kitagalogi. Mengi ya hapa ni yale aliyonisahihisha akiwa amesimama pembeni yangu jikoni.

Kwanza tukubaliane iliyo sawa inafananaje. Malabon ni mji wa kaskazini ya Manila, umekaa kwenye mito inayoingia Ghuba ya Manila, na zamani uliitwa Tambobong. Ni mji wa wavuvi, ndiyo maana pancit yake imejaa kamba, ngisi, chaza na samaki wa moshi. Tambi zake ni za mchele na ni nene. Mchuzi wa kamba wenye rangi ya machungwa huchanganywa na tambi mpaka kila uzi uvae rangi, kisha hupangwa juu mayai ya kuchemsha, kitunguu saumu cha kukaanga, kabeji ya Kichina na hivyo vya baharini. Ina ndugu yake, pancit palabok, yenye tambi nyembamba na mchuzi mzito unaomwagiwa juu. Watu wengi hufuata maelekezo ya palabok wakiwa na tambi za Malabon mkononi, na hapo shida nyingi huanza.

Vipimo ninavyotumia kwa watu sita: tambi nene gramu 500, kamba wenye vichwa gramu 500, ngisi gramu 250, samaki wa moshi mmoja mkubwa, maji lita 1 na nusu ili baada ya kuchemsha na kuchuja ibaki supu ya zaidi ya lita moja, wanga wa mahindi vijiko 4 vya mezani, mafuta nusu kikombe, mbegu za zingefuri vijiko 3, kichwa kizima cha kitunguu saumu, na mchuzi wa samaki wa chupa, ule wanaouita patis.

Tambi zinakatika

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapoanguka, na kwa Mfilipino tambi iliyokatika si jambo dogo. Pancit hupikwa siku ya kuzaliwa, na urefu wa tambi ni dua ya maisha marefu, imani waliyoipokea kwa Wachina. Hata neno lenyewe pancit, linalotamkwa pansit, limetokana na Kihokkien, lugha ya wafanyabiashara wa Kichina waliohamia visiwa hivyo.

Tambi za ngano hushikwa na ule mnato wa unga wa ngano. Mchele hauna mnato huo. Kinachoshika uzi wa mchele ni wanga peke yake, na wanga ukipasuka hakuna kingine cha kuushika. Chukua uzi mmoja uliokatika uutazame. Kama nje ni laini na wenye utelezi, lakini katikati kuna kidoa cheupe kikavu, hukuloweka vya kutosha. Nje iliiva na kupasuka huku ndani ikisubiri maji. Kama uzi wote umelegea na unapondeka kwa vidole, umechemsha kupita kiasi.

Kosa la kuloweka lina sura mbili. Moja ni haraka. Tambi nyembamba hutosheka na nusu saa, lakini hizi nene zinataka saa mbili kwa uchache, na mimi sasa huziloweka usiku kwa ajili ya kesho. Pili ni maji ya moto. Mtu huona maji ya moto yatamsaidia kuwahi, kumbe yanaivisha ngozi ya nje na kufunga njia ya maji kufika ndani. Tumia maji ya kawaida ya bomba. Tambi ikilowa vizuri huacha ule ung'avu kama wa kioo, huwa nyeupe kama maziwa, na ukiizungusha kwenye kidole hujikunja bila kuvunjika. Hiyo ndiyo alama. Usifuate saa peke yake.

Kisha chemsha kwa maji mengi, lita 5 kwa gramu 500. Maji machache hupoa mara tu tambi zinapoingia na hugeuka uji. Anza kuonja dakika ya tano, kisha kila dakika mbili, maana tambi hazilingani: nyingine ni za mchele mtupu, nyingine zimechanganywa na wanga wa mahindi, na unene hutofautiana. Epua ikiwa imeiva lakini bado inakataa kidogo kwenye jino, kwa sababu mchuzi wa moto utamalizia kazi.

Sababu ya tatu ni mkono wako. Sisi tumezoea kusonga ugali, na mwiko ukiingia sufuriani mkono hutaka kukandamiza. Pancit haisongwi. Tumia miko miwili, ingiza chini, nyanyua, geuza, achia. Ate alinishika mkono siku ya kwanza akanionyesha: kama unanyanyua nguo mbichi kutoka beseni, hutaki kuichana.

Tambi zimeshikana bonge moja

Hukuzisuuza, au ulizisuuza ukaziacha kwenye chujio zikakauka. Ukishaepua, mimina maji baridi huku unazipitisha vidole mpaka maji yanayotoka yawe meupe kidogo tu. Wacha zichuje dakika kumi, kisha papo hapo zipake vijiko viwili vya mafuta ya zingefuri, ambayo nitaeleza namna ya kuyatengeneza kwenye sehemu ya rangi. Kama zimeshashikana, usizivute. Zichovye kwenye maji ya moto sekunde chache, zitaachiana zenyewe. Kuna aina ya pancit iitwayo luglug, jina linalotokana na kitendo hichohicho cha kuchovya na kutikisa tambi majini.

Mchuzi ni mwepesi

Jiulize swali moja: ulikuwa mzito ukalegea, au haukuwa mzito tangu mwanzo?

Kama haukuwahi kuwa mzito, wanga haukuiva. Wanga wa mahindi huanza kufura kwenye joto la nyuzi 60 na kitu za Selsiasi, lakini hushika kikamilifu mchuzi ukitokota. Wengi huutia, wakaona haujabadilika, wakaongeza mwingine, na mwishowe wana gundi yenye ladha ya unga. Koroga wanga kwenye maji baridi, mimina kidogo kidogo kwenye supu inayotokota, endelea kukoroga dakika mbili, ndipo uamue kama unahitaji kuongeza.

Kama ulikuwa mzito ukalegea, kuna watuhumiwa wanne. Wa kwanza ni ndimu. Tindikali pamoja na moto huvunja wanga. Kalamansi, ndimu ndogo ya Wafilipino, hukamuliwa sahani ikiwa mezani, haiingii sufuriani. Wa pili ni kutokota muda mrefu huku unakoroga kwa nguvu. Wa tatu ni kijiko cha kuonjea. Mate yana kimeng'enya kinachomeng'enya wanga, na kijiko kilichotoka mdomoni kikirudi sufuriani kinaweza kulegeza mchuzi uliokuwa umesimama vizuri. Mimina kwenye kijiko kingine uonje. Wa nne ni maji ya tambi, niliyoyataja mwanzo. Ukiona mchuzi uko sawa sufuriani lakini unakuwa maji mara baada ya kuchanganya, ni huyo wa nne, usihangaike na wengine.

Tiba ya mchuzi uliolegea ni kijiko kimoja cha wanga kilichokorogwa na maji baridi, kisha utokote tena. Kama umeshachanganya na tambi, chukua mchuzi uliojikusanya chini, upike peke yake, kisha uurudishe.

Mchuzi una madonge, au umekatika kama maziwa mabovu

Haya mawili hufanana machoni. Madonge ya wanga ni meupe, yanateleza, na ukiyabonyeza ndani kuna unga mkavu. Ulimimina wanga haraka, au uliukoroga na maji ya moto. Chuja, maliza.

Chembechembe za rangi ya waridi au za machungwa ni jambo jingine, na wala si kosa kubwa. Supu ya kamba ya kienyeji hutengenezwa kwa njia ambayo mpishi wa pwani ataielewa mara moja: vichwa na maganda hutwangwa, hutiwa maji, hukamuliwa na kuchujwa, kama unavyokamua tui. Maji hayo ya kwanza ni mabichi na yana protini ndani yake; yakipata moto, protini huganda kama yai. Wenyeji wengi hula hivyohivyo. Ukitaka mchuzi laini, chemsha maji hayo kwa moto mdogo huku unakoroga, yachuje mara ya pili kwa kitambaa au chujio la chai, ndipo utie wanga. Ukishatia wanga huwezi tena kuchuja kwa raha.

Pancit imekauka na inakatwa kama keki

Tambi za mchele hazishibi hapohapo. Zinaendelea kunywa mchuzi dakika zote unazosubiri wageni, na wanga nao huganda unapopoa. Usitie wanga zaidi ya kipimo ukidhani uzito ni uzuri; mchuzi wa Malabon, ukiwa bado sufuriani, uwe mwepesi kuliko unavyoutaka mezani, kiasi cha kupaka mgongo wa upawa na kuteleza taratibu. Na weka kando vikombe viwili vya supu isiyo na wanga. Ikikauka, pasha supu hiyo, nyunyizia, pindua.

Rangi haikutoka

Rangi ya pancit Malabon hutoka kwenye mbegu ambazo wao huziita atsuete. Kwa miezi nilizinunua hapa Maskati kwenye duka la bidhaa za Kifilipino, kwenye vipakiti vidogo, kabla sijazitambua. Ni zingefuri. Zilezile mbegu nyekundu kutoka kwenye tumba lenye manyoya kama miiba, ambazo shambani kwetu watoto hupasua na kujipaka midomoni. Mti wake asili yake ni nchi za joto za Amerika, na jina atsuete ni neno la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Mexico, achiotl, lililovuka bahari kwa merikebu za Wahispania zilizosafiri kati ya Acapulco na Manila tangu 1565 mpaka 1815. Siku nilipomwonyesha Ate picha ya mzingefuri wa nyuma ya nyumba yetu, alicheka kwa furaha akasema na kwao ulikuwepo uani.

Rangi hiyo hukaa kwenye ngozi ya mbegu na hupenda mafuta kuliko maji. Kama mchuzi umepauka, huenda uliloweka mbegu kwenye maji tu bila kuzisugua. Au mbegu ni kuukuu: mwanga huzifanya ziwe kahawia na rangi yake ikafa. Sugua mbegu moja kwa kidole kilicholowa. Isipoacha doa la machungwa, nunua nyingine. Tia mbegu kwenye mafuta yakiwa bado baridi, washa moto mdogo kabisa, na dakika tatu hadi tano mafuta yatakuwa mekundu. Zima, zichuje, mbegu zitupe.

Kama mchuzi umekuwa wa kahawia, mafuta yalipata moto mwingi na mbegu ziliungua. Hayo hayatibiki. Mafuta ni ya bei ndogo kuliko kamba. Yamwage utengeneze mengine kabla hayajaingia kwenye supu.

Kama rangi imekaa madoa madoa na mafuta yanaelea juu, uliyaongeza mwishoni, mchuzi ukiwa umeshakuwa mzito. Kaangia kitunguu saumu kwenye mafuta hayohayo, mimina supu juu yake, kisha ndipo wanga. Wanga utayashika mafuta yasipande. Wapo wanaotumia bizari ya manjano badala yake. Itakupa njano na itakupa harufu ya bizari, na chakula kitakuwa kizuri, lakini hakitakuwa hiki.

Kuna uchungu

Onja kimoja kimoja. Kama ni mafuta, ni mbegu zilizoungua. Kama ni kitunguu saumu cha juu, ulikiepua kikiwa tayari cha kahawia. Huendelea kuiva nje ya mafuta, kwa hiyo kitoe kikiwa cha dhahabu hafifu. Kama ni supu, maganda yalichemka mno. Dakika 20 zinatosha. Baada ya hapo maganda hayatoi utamu, yanatoa ladha ya chaki.

Kuna shombo

Kichwa cha kamba ndicho chenye utamu wote na ndicho kinachoharibika mbele ya kiungo kingine chochote, kwa sababu humo kuna vimeng'enya vya tumbo vinavyoanza kumla kamba mwenyewe akishakufa. Kamba ambaye kichwa kinaning'inia na nyama ya shingoni imekuwa laini kama uji ameshapitwa na wakati wa kutwangwa. Akitoa harufu kali kama ya mkojo, mtupe mzima. Hakuna tangawizi wala ndimu ya kumrekebisha.

Kama kamba walikuwa wazuri, angalia ngisi: ngozi, utumbo na ule mfuko wa wino vyote vitoke. Kisha samaki wa moshi, anayeitwa tinapa. Akikaa muda mrefu hutoa harufu ya mafuta yaliyochacha, ambayo watu huichanganya na shombo. Nusa kabla ya kumchambua, na umkaange kidogo peke yake.

Inapendeza macho, mdomoni haina kitu

Kwa kawaida chumvi iliwekwa mahali pamoja tu, kwenye mchuzi, na tambi zikabaki baridi na tupu. Tia patis kijiko kimoja kwenye tambi zilizochujwa pamoja na yale mafuta ya zingefuri, kabla ya mchuzi. Patis nyingine itie pamoja na kitunguu saumu, ichemke ukali upungue. Chumvi ya kawaida iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu tinapa ana chumvi yake. Ukikosa patis, chemsha dagaa wakavu wachache pamoja na maganda ya kamba. Si sawa kabisa, ila kunatoa kina ambacho chumvi peke yake haitoi.

Na usisahau kalamansi. Mara nyingi kinachokosekana ni uchachu tu. Ndimu yetu inafaa.

Vya juu vimeharibika

Ngisi amekuwa mpira: dakika moja hadi mbili kwenye supu inayotokota, atoke. Akipita hapo hukaza, na kumlainisha tena kunataka karibu saa nzima. Yai lina duara la kijani: limechemka sana; lichemshe dakika kumi tu, kisha litie kwenye maji baridi. Kabeji imelegea: ichovye tu.

Vile vitu vikavu vya kuvunjika mdomoni, chicharon, vimelowa: uliviweka mapema, viwekwe sahani ikiwa mezani. Wao hutumia ngozi ya nguruwe. Ate alipotupikia sisi Waislamu alikaanga ngozi ya samaki, siku nyingine ngozi ya kuku, na sufuria aliitenga kabisa. Sijaona tofauti inayopunguza utamu.

Kuhusu chaza nasema kwa msisitizo. Wapike mpaka kingo zijikunje, kisha waongezee dakika tatu. Na kama mamlaka ya uvuvi imetangaza kuwa bahari ya eneo hilo imevamiwa na vijimea vyenye sumu, jambo linalotokea mara kwa mara Ufilipino, usinunue chaza wala kombe wa huko hata kwa bei ya bure. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Pancit bila chaza inaliwa vizuri tu.

Imebaki, au watu waliumwa matumbo

Pancit Malabon hupangwa kwenye bilao, ungo uliotandikwa jani la mgomba, na huwekwa katikati ya watu mchana kutwa. Kwenye joto letu hilo ni hatari. Vitu vya baharini, mayai na tambi zenye unyevu visizidi saa mbili nje, na joto likipita nyuzi 32 isizidi saa moja. Kama karamu ni ndefu, panga ungo mdogo, ukiisha ujaze tena kutoka jikoni.

Iliyobaki itie kwenye friji bila mayai na bila kitunguu saumu cha kukaanga. Usiigandishe kwenye friza. Ikiyeyuka mchuzi hutoa maji. Kesho yake tambi zitakuwa ngumu kama uzi wa nailoni, usiogope. Zitie kwenye kikaango kipana pamoja na ile supu uliyoweka kando, funika, moto mdogo, na zikishapata joto la kutosha hulainika tena. Pindua kwa miko miwili, ileile namna ya mwanzo.